Robo Tatu

Umeme ulikatika saa kumi na mbili kasoro
na pangaboi la maabara likazunguka kwa uvivu,
mara tatu, mara nne, likasimama
likaonyesha mabawa yake matatu.
Ndivyo ulivyo unga wetu wa njano, nikawaza:
atomu moja ya iridi katikati,
molekuli tatu zimeishika kiuno,
pangaboi dogo lisiloonwa na jicho.

Miligramu mia mbili.
Zililala forodhani wiki sita.
Dokta Msinjili alisema, kwa bei hii
ningepata ng'ombe wawili mnadani Msalato,
nao wangezaa.

Nikachukua kichupa nilichokiyeyushia chembe kidogo,
nikakimulika kwa tochi ya urujuanimno.
Kijani.
Si cha majani; Chimwaga mwezi wa kumi haina majani,
ina vumbi, na upepo wa kulitembeza.
Kijani cha zabibu changa za Hombolo
ukiinua kichane kulielekea jua.

Dokta hufundisha hivi, chaki mkononi:
umeme ukiingia kwenye utando
jozi huzaliwa nne nne.
Moja ina ruhusa ya kurudi nyumbani ikiwa nuru.
Tatu zinazunguka upande usiokubalika,
sheria imezifungia mlango;
hukaa, hukaa, mwisho hupotea zikiwa joto.
Na joto, anasema, nani alishawahi kusomea kitabu?
Mpaka utie metali nzito.
Uzito wake huipinda sheria
na zile zilizokatazwa nazo hupita,
kwa kuchelewa, lakini hupita,
na kupita kwake ndiko kung'aa.

Darasa liliandika.
Mimi niliweka kalamu chini.

Kwetu Mvumi tulizaliwa wanne.
Ndahani anaponda kokoto Ntyuka.
Mbeleje aliolewa Bahi
mwaka ule mtama ulipokufa ukifika magotini.
Lechipya, aliyenishinda hesabu kila muhula,
anabadilisha vioo vya simu Sabasaba.
Ada ilitosha mmoja.
Mimi ndiye robo.
Sijui kwetu nani angekuwa iridi;
ni adimu hivyo, hata ardhini.

Nikakitia kichupa mfukoni, kinyume cha kanuni,
nikashuka mjini.

Mjini nako giza.
Lechipya ameinamia simu ya mtu,
kioo kimeungua, kimeacha kivuli cha saa
iliyokaa pembeni miaka miwili bila kuhama.
"Buluu ndiyo hufa kwanza," akasema
bila kuinua kichwa. "Nyekundu inavumilia."
Kauli hiyo sisi tumeifikia kwa majaribio arobaini,
na buluu yetu ndefu kuliko zote
iliishi saa mbili.
Nikamwambia. Akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka.
"Saa mbili! Mteja atanirudishia
kabla sijamaliza kiporo."

Nikamwonyesha ya kijani.
Alikipima kichupa kiganjani.
"Si ulisema nzito?"
"Nzito kuliko dhahabu. Ila ni punje."
Akakigeuza, akakigeuza, kidole gumba juu ya kifuniko,
na kabla sijasema usi—
kikafunguka.

Nuru ikanywea mbele yetu.
Haikuzima kabisa;
ilibaki kama mtu anayeongea akiwa mbali.
"Nimeiua, Nyemo?"
"Hapana. Ni hewa imeingia."
"Hewa hii?"
"Hiihii. Oksijeni huipokonya nguvu kabla haijang'aa.
Nikiipulizia naitrojeni itarudi."

Akakaa kimya, anavuta hewa.
Nami navuta.
Nilitaka kumwambia habari ya jozi nne,
nilikuwa nimeipanga njia nzima toka mlimani,
lakini mwenye simu alikuwa amesimama pale
anaangalia saa mkononi.

"Basi usikae bure," akasema Lechipya,
"washa tochi yako ya kawaida,
inamisha kidogo, hapo,
niunganishe utepe huu."

Nikamshikia.